Nani aliyeiunda Captain America? Uchambuzi wa kisa cha chopa ya Ben Hardy na Clifford Vaughs

Oktoba 2014, katika mnada uliofanyika Calabasas, California, pikipiki moja ilifikishwa dola milioni 1.35. Ilikuwa Harley-Davidson ya zamani yenye shokapu za mbele ndefu ajabu, fremu iliyotiwa kromu kote, na tangi dogo lililopakwa nyota na mistari ya bendera ya Marekani. Kampuni ya mnada, Profiles in History, iliitambulisha kuwa ni Captain America, ile ambayo Peter Fonda aliiendesha katika filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969. Lakini hata kabla nyundo haijagongwa, ugomvi ulikuwa umeshazuka. Texas kulikuwa na mtu mwenye pikipiki nyingine ya sura hiyo hiyo, naye alikuwa na cheti kinachosema kwamba yake ndiyo halisi. Vyeti vyote viwili vilikuwa na saini ya mtu mmoja.

Wiki zile wapenzi wa pikipiki walibishana sana juu ya chuma kipi ni cha kweli. Naona ubishi huo uliacha swali kubwa pembeni. Pikipiki yenye sura inayotambulika kuliko zote duniani haikushuka kutoka kiwandani. Kuna watu waliokaa wakaamua shingo ilazwe, tangi liwe dogo na fremu ing'ae. Watu hao wanajulikana, na kwa karibu miaka 40 majina yao hayakutajwa.

Ili kisa hiki kieleweke, kwanza tuione chopa yenyewe, yaani pikipiki iliyokatwa na kuchongwa upya, ilikotoka.

Tabia ya kuipunguza Harley uzito ilikuwapo tangu miaka ya 1930, lakini ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilipouza kwa bei poa pikipiki zake zilizobaki. Vijana waliorudi kutoka vitani walizinunua, wakang'oa madigadi ya mbele, wakakata ya nyuma, wakatupa mikoba na kila kitu kisichosaidia kwenda kasi. Mpaka hapo ilikuwa kazi ya spana na msumeno. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, hasa California, mafundi walivuka mpaka mwingine: wakaanza kuikata fremu yenyewe. Hapo ndipo chopa ilipotengana na pikipiki iliyopunguzwa tu. Kuondoa madigadi kunaweza kufanywa na yeyote Jumamosi mchana. Kukata shingo ya fremu, kuilaza na kuichomelea upya, kisha mtu aipande kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, kunahitaji fundi anayejua anachokifanya.

Malighafi iliyopendwa ilikuwa Harley kubwa za polisi. Zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1200, silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, na zilikuwa zimetunzwa. Zilikuwa nzito kwa sababu ya vioo vya upepo, mikoba na ving'ora, lakini hayo yote yalikuwa ya kutupa. Harley ya modeli ya Hydra-Glide, iliyotoka mwaka 1949, ilikuwa na shokapu za mbele za mafuta na nyuma haikuwa na shokapu kabisa. Mwaka 1958 kiwanda kilileta Duo-Glide yenye shokapu za nyuma, ambayo ilimpumzisha mpandaji mgongo lakini ikaharibu umbo machoni pa wachongaji wa chopa. Wao walitaka ule mstari mmoja mnyoofu unaoshuka kutoka shingoni hadi kwenye ekseli ya nyuma bila kukatizwa na kitu.

Sasa kuhusu watu wenyewe.

Benjamin Hardy, aliyezaliwa 1921, alikuwa na gereji ya pikipiki kwenye barabara ya Florence, kusini mwa Los Angeles, si mbali na Watts. Huo ni mtaa wa watu weusi, na tunazungumzia miaka michache tu baada ya Agosti 1965, Watts ilipolipuka na watu 34 wakafa. Mtaani walimwita Benny, wengine Mfalme wa Pikipiki. Vijana wengi wa eneo lile walijifunza kushika spana kwake. Hakuwa fundi wa kuonekana magazetini. Alikuwa fundi wa kufuatwa.

Clifford Vaughs alikuwa mtu wa aina nyingine. Alizaliwa Boston mwaka 1937, akatumikia kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani, kisha akaingia katika harakati za haki za raia kama mpiga picha wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi iliyopigania haki bila vurugu. Ipo picha maarufu iliyopigwa na Danny Lyon huko Cambridge, Maryland, mwaka 1964: askari wa Gadi ya Taifa wanamvuta kijana mmoja huku wenzake wakimng'ang'ania asichukuliwe. Kijana huyo ni Vaughs. Danny Lyon huyo huyo baadaye alipiga picha za klabu ya pikipiki ya Outlaws ya Chicago, ambazo hadi leo ni miongoni mwa kumbukumbu bora za maisha ya waendesha pikipiki wa Marekani. Vaughs mwenyewe alikuwa mwanachama wa Chosen Few, klabu iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1959 na watu weusi na baadaye ikapokea watu wa rangi zote. Aliwahi kuiendesha chopa yake hadi Alabama katika miaka ile ya hatari. Mtu mweusi juu ya pikipiki ya namna ile, katika barabara za Kusini, hakuwa akitalii.

Vaughs alifahamiana na Fonda mwaka 1966 huko Los Angeles, wakati akiwa mwandishi wa habari wa redio na Fonda akiwa na kesi ya bangi mahakamani. Wote wawili walipenda pikipiki. Wazo la filamu ya vijana wawili wanaovuka Marekani kwa chopa lilipoanza kuiva, Vaughs akawa mtu wa kuzitafuta na kuzisimamia pikipiki. Harley zilizotumiwa na polisi zilinunuliwa mnadani kwa takriban dola 500 kila moja, na kazi ikaenda gerejini kwa Hardy. Fundi mwingine, Larry Marcus, naye alikuwamo. Pikipiki nne zilitengenezwa: mbili za sura ya Captain America, mbili za ile ya Billy, mhusika wa pili, aliyechezwa na Dennis Hopper. Kutengeneza jozi kulikuwa jambo la busara, maana mwishoni mwa hadithi pikipiki ilipaswa kuharibiwa mbele ya kamera.

Nataka kukaa kidogo kwenye Captain America yenyewe, kwa sababu ushahidi wa nani aliiunda umo ndani ya umbo lake.

Tuanze na shingo. Hilo ni bomba fupi la mbele ya fremu ambalo usukani huzungukia ndani yake. Kwenye pikipiki ya kawaida ya barabarani hulala nyuma kwa nyuzi kati ya 24 na 30 hivi kutoka wima. Fundi akirefusha shokapu za mbele bila kuigusa shingo, pua ya pikipiki inainuka, injini inainama nyuma na uzito wote unapanda juu. Kwa hiyo shingo lazima ikatwe na kulazwa zaidi ili fremu irudi kukaa karibu sambamba na ardhi. Hilo nalo lina gharama yake. Ukiuchora mstari wa shingo hadi chini, unagonga ardhi mbele ya mahali tairi linapogusa, na umbali huo ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama gurudumu dogo la toroli ya dukani linavyofuata nyuma ya mhimili wake. Kadiri shingo inavyolazwa, umbali huo unaongezeka. Kwenye barabara kuu ya Arizona pikipiki inakwenda imenyooka bila kuyumba. Kwenye kona kali ya mwendo wa taratibu, usukani unakuwa mzito na unavuta kuangukia upande. Fundi mzuri anajua aishie wapi. Captain America ilipita kiwango cha kawaida, lakini iliendeshwa maelfu ya kilomita, hata ikiwa na mwigizaji Jack Nicholson aliyebebwa nyuma, na ilitii.

Halafu kuna kromu ya fremu. Watazamaji wengi huiona kama pambo. Fundi wa kuchomelea huiona kama mtihani. Rangi hupakwa juu ya pati, na pati huficha kila mshono mbaya. Kromu haifichi chochote. Kila kiungo lazima kisuguliwe na kung'arishwa hadi kiwe laini kabla ya kuingizwa kwenye dawa, na kasoro yoyote iliyobaki hung'aa pamoja na chuma. Anayekubali fremu yake itiwe kromu ana hakika na kazi ya mikono yake.

Tangi ni dogo, usukani ni mrefu wa kupanda, ekzosi zimepinda juu na kuishia kwa umbo la mkia wa samaki, na nyuma ya siti kimesimama chuma kirefu cha kuegemea. Gurudumu la mbele ni jembamba na halina breki. Hili la breki nalisema bila kulipamba: ni hatari. Kwenye pikipiki nyingi breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Chopa ndefu huweka uzito mwingi nyuma, hivyo breki ya nyuma husaidia zaidi kuliko kawaida, lakini bado unahitaji barabara ndefu mbele yako. Mafundi wa miaka ile waliitoa ili gurudumu libaki tupu na jepesi machoni. Waliweka umbo mbele ya usalama, na waliokuja kuwaiga katika miaka ya 1970, wengine kwa vipande vya bei nafuu vya kuunganishia shokapu, walilipa kwa damu.

Ukiiweka pikipiki ya Billy kando yake unaelewa akili iliyokuwa ikifanya kazi. Ile ni fupi zaidi, imechorwa ndimi za moto, iko karibu na mtindo wa miaka ya 1950. Moja inasimama kwa ajili ya mtu anayeota, nyingine kwa ajili ya mtu anayeng'ang'ana. Kutofautisha wahusika wawili kwa pembe ya shingo na urefu wa shokapu ni ubunifu wa mtu aliyeishi katikati ya chopa na kuzijua lugha zake zote.

Filamu ilianza kupigwa New Orleans, wakati wa sherehe za Mardi Gras za mwaka 1968, katika vurugu kubwa. Baada ya hapo kikosi cha kwanza kilivunjwa na watu wengi wakaachishwa. Vaughs na Marcus walikuwa miongoni mwao. Kazi iliendelea na watu wengine, na uangalizi wa pikipiki ukashikwa na wengine, akiwamo Dan Haggerty. Julai 1969 filamu ilitoka. Ilikuwa imegharimu takriban dola 400,000, ikaingiza makumi ya mamilioni. Majina yalipopita mwishoni, hakukuwa na Hardy wala Vaughs.

Kwa nini? Wapo wanaojibu kwa neno moja, ubaguzi, na sitawapinga. Lakini kisa hiki kina tabaka zaidi, na kila moja lilizidisha uzito wa lingine. Wakati ule gereji iliyotengeneza gari au pikipiki ya filamu mara nyingi haikutajwa hata kama mwenyewe ni mzungu. Vaughs aliondolewa mapema, kwa hiyo hakuwapo wakati orodha ilipopangwa. Tena, pikipiki tatu kati ya nne ziliibwa kabla ya kazi kuisha. Ndiyo maana katika tukio la mwisho la kuota moto, lililopigwa baadaye, pikipiki hazionekani. Ya nne ilikuwa imevunjwa katika tukio la kifo. Hakukubaki kitu cha kuwekwa mahali watu wakaulizia nani amekitengeneza. Na kwenye filamu yenyewe, inayopita Louisiana ya mwaka 1968, hakuna mhusika mweusi mwenye nafasi katika hadithi. Mtazamaji hakupewa sababu yoyote ya kufikiri kwamba chopa zile zilitoka mtaa wa watu weusi. Magazeti ya chopa yaliyoibuka baadaye yalijaa nyuso za wazungu, na picha ya mpanda chopa ikakaa hivyo vichwani.

Pengo hilo halikubaki tupu. Fonda, katika mahojiano ya redio miaka mingi baadaye, alisema yeye ndiye aliyeziunda pikipiki hizo, akisaidiwa na watu weusi watano wa Watts. Nimeirudia kauli hiyo mara kadhaa nikijaribu kumtendea haki. Fonda alikuwa mwendesha pikipiki wa kweli, alijua anataka picha gani kwenye skrini, na wazo la bendera lilimfaa mhusika wake. Mteja anayejua anachotaka ana mchango. Lakini kusema "watu watano" bila jina hata moja, wakati mmoja wao alikuwa rafiki yako na mwingine alikuwa na gereji yenye anwani, ni kuwafanya mafundi kuwa vifaa.

Wakati huo huo mtindo wenyewe ulikuwa ukiitikisa sekta nzima. Maduka ya shokapu ndefu na matangi madogo yalichipuka, na vijana waliochonga Honda CB750, iliyotoka mwaka huo huo wa 1969, walifuata mkondo ule. Mwaka 1971 Harley-Davidson, kiwanda kilichokuwa kikiwatazama wachongaji kwa jicho baya, kilitoa Super Glide iliyochorwa na Willie G. Davidson: injini na fremu ya pikipiki kubwa, mbele jembamba la modeli ndogo. Kiwanda kiliuza kwa dhamana kile ambacho gereji za mitaani zilikuwa zikikifanya kwa msumeno. Njia iliyotoka barabara ya Florence ilikuwa imefika hadi Milwaukee, makao makuu ya Harley-Davidson.

Hardy alibaki na kazi yake. Alifariki mwaka 1994 bila kuona jina lake likitajwa hadharani kwa kazi hii. Vaughs aliondoka Marekani katika miaka ya 1970 na kuishi miaka mingi kwenye mashua, Karibea na Panama, mbali na mtu yeyote ambaye angemuuliza. Majina yalianza kurudi polepole. Mwaka 2006 mchongaji Jesse James aliyataja katika kipindi chake cha televisheni kuhusu historia ya chopa. Mwanahistoria wa pikipiki Paul d'Orléans aliongea na Vaughs kwa kirefu na kuchapisha maelezo yake mwaka 2014, mwaka ule ule wa mnada. Vaughs alifariki 2016, Fonda 2019. Angalau Vaughs aliyasikia.

Sasa turudi kwenye mnada, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na karibu kila aliyeandika kuhusu ugomvi ule.

Mabaki ya pikipiki iliyovunjwa alipewa Haggerty, naye akaijenga upya. Hiyo ndiyo hoja ya upande wa Calabasas. Upande wa Texas ulikuwa na cheti cha Haggerty huyo huyo, kilichotangulia. Fonda mwenyewe, aliyekuwa ameipanda, hakuweza kumaliza ubishi. Wengi walishangaa: haiwezekani kuangalia namba? Haiwezekani kwa urahisi, na sababu ni ya kiufundi. Harley-Davidson za kabla ya 1970 zilikuwa na namba kwenye injini tu. Fremu haikuwa na namba. Na chopa, kwa asili yake, ni pikipiki ambayo injini huhamishwa, fremu hukatwa na vipuri hubadilishwa. Ukichukua mabaki yaliyopinda, ukanyoosha, ukaweka tangi jipya, kromu mpya na shokapu mpya, ni sehemu gani utakayoiapia mahakamani?

Ndiyo maana nasema hoja ya uhalisi ilielekezwa mahali ambapo jibu haliwezi kupatikana. Vipande vya chuma vya Captain America vimetawanyika tangu 1968. Vingine pengine vinazunguka barabarani chini ya mtu asiyejua alichokalia. Kisichotawanyika ni uamuzi: pembe ile ya shingo, fremu ya kromu, mbele tupu isiyo na breki, mstari ule mnyoofu hadi ekseli ya nyuma. Nakala zimetengenezwa kutokana nao mara nyingi, na moja ilisimama katika jumba la Guggenheim, New York, mwaka 1998, katika maonyesho ya pikipiki kama sanaa. Hakuna aliyelalamika kwamba nakala haina thamani, kwa kuwa kilichoonyeshwa kilikuwa umbo. Na umbo lina wenyewe. Kama mnunuzi wa 2014 alikuwa tayari kutoa zaidi ya milioni kwa ajili ya saini ya mtu aliyeijenga upya, basi saini za walioiunda mwanzo zilistahili kuwa ukurasa wa kwanza wa hati zile.

Makumbusho na wakusanyaji wanaoonyesha nakala za pikipiki hii mara nyingi huandika kwenye kibao jina la filamu na la mwigizaji. Mimi ningeandika hivi: Captain America, Los Angeles, 1968. Harley-Davidson Hydra-Glide iliyochongwa. Usanifu na usimamizi: Clifford Vaughs. Ufundi: Ben Hardy, gereji ya barabara ya Florence, pamoja na Larry Marcus. Iliendeshwa na Peter Fonda.